Arobaini na Tisa kwa Mia

Saratani ya umio ni jina moja la magonjwa mawili. Hilo lilithibitika mwaka 2017, mradi wa Marekani wa kuchora ramani ya jeni za saratani ulipochambua vivimbe 164 vya umio. Jeni za aina ya seli bapa zilifanana zaidi na za saratani ya kichwa na shingo. Za aina ya seli za tezi zilifanana na za saratani ya tumbo. Njia ya chakula ni ile ile, ukoo tofauti. Uingereza na Marekani imetawala ya tezi. Huku kwetu, ukanda wa Ethiopia hadi Afrika Kusini, Kilimanjaro ikiwamo, imetawala ya seli bapa. Ndiyo aliyokutwa nayo baba mdogo.

Nasoma shahada ya uzamili ya baiolojia ya molekuli, kwa hiyo swali lilinijia mimi: "Sasa mama, hii ya kwangu inasikia dawa?"

Inasikia. Katika jaribio la CROSS la Uholanzi, lililochapishwa mwaka 2012, wagonjwa walipewa tibakemia kila wiki kwa wiki 5, pamoja na mionzi mara 23, ndipo wakafanyiwa upasuaji. Sehemu iliyokatwa ilipowekwa chini ya hadubini, wagonjwa 49 kati ya 100 wa seli bapa hawakukutwa na seli hai ya saratani hata moja. Wa seli za tezi walikuwa 23.

Na wale 51? Jeni ya TP53, ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli yenye DNA iliyoharibika, huwa imevunjika katika vivimbe vingi vya aina zote mbili. Kwa hiyo hiyo peke yake haituambii nani atapona na nani hatapona. Tunatafuta alama nyingine.

Ila hesabu ile ilikuwa ya watu ambao uvimbe wao bado ungeweza kukatwa. Baba mdogo alifika hospitali akimeza uji tu, na ugonjwa umeshafika kwenye ini. Aliwekewa mrija wa waya wa kupanua njia, akaweza kula ndizi laini. Nilimjibu kwamba inasikia, ikikutwa mapema. Akauliza mapema ni lini. Akakumbuka kwamba tangu mavuno yaliyopita nyama ilikuwa ikimkwama, naye akiisukuma kwa maji.

Hata dalili hiyo mara nyingi huja umio ukiwa umeshabanwa sana. Lakini ndiyo tuliyo nayo, na haihitaji maabara. Siku hizi tukikaa kula na ndugu, natazama nani anashushia kila tonge kwa maji, na namuuliza ameanza lini.