Shungi la Paji

Msomaji mpendwa, yamkini unaposoma kurasa hizi kichwa chako kimenyolewa, maana ndiyo desturi ya shule nyingi za nchi yetu, kama ilivyo kwa jirani zetu ng'ambo ya mpaka kule Uganda. Basi swali nitakalokuuliza laweza kukuchekesha: je, siku utakapopewa uhuru wa nywele zako, utaziacha zianguke juu ya paji la uso, au utaliacha paji wazi? Usicheke upesi. Siku ya kumaliza shule yaja, na katika mambo ya kwanza ambayo msichana hujiamulia mwenyewe, pasipo baba wala mwalimu, nywele zimo. Mimi nimeliamua jambo hili mara mbili. Mara ya kwanza kwa upumbavu, na mara ya pili kwa uchungu.

Shungi la paji ni nywele za mbele zilizokatwa zikaning'inia mpaka karibu na nyusi. Wasusi huliita frinji. Katika miaka ya 1920 wanawake wa Ulaya na Marekani walilipenda mno, na sinema zikalieneza duniani. Ndiyo sababu wengi hudhani kuwa ni pambo la wenye nywele za singa peke yao.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu nilipolitamani kwanza. Mwenzangu wa bwenini alipasha kitana cha chuma juu ya jiko la makaa, akazinyoosha nywele zangu mpaka zikalala kama nyasi baada ya mvua, kisha akazikata usawa wa nyusi. Jumamosi usiku nilijitazama kiooni nikajiona malkia. Jumatatu nilikwenda katika shule moja karibu na mji wa Busia kufanya mazoezi ya kufundisha, na njiani nikanyeshewa manyunyu. Hapakuwa na mtu aliyekuwa ameniambia nikuambialo leo: moto huzinyoosha nywele kwa muda tu, maji au jasho likizigusa, hurudi katika umbile lake. Tena nywele za kipilipili zikijikunja huweza kupoteza zaidi ya nusu ya urefu ulioonekana ziliponyooshwa. Nilipoingia darasani shungi langu lilikuwa limesimama wima, mfano wa kishungi cha yule korongo mwenye taji aliye katika bendera ya Uganda. Watoto wa mpakani huijua bendera hiyo kama waijuavyo yao. Kabla ya mapumziko ya saa nne jina langu lilikuwa Mwalimu Uganda. Nywele hukua kadiri ya sentimita 1 kwa mwezi, au zaidi kidogo. Jina lile nililibeba mpaka mwisho wa muhula.

Laiti ningaliwajua wakati ule wanawake wa Kihamar wa bonde la mto Omo, kusini mwa Ethiopia, si mbali sana na Turkana yetu! Wao huzisokota nywele zao kwa udongo mwekundu na mafuta, zikaanguka pajini nyuzi nyuzi, na nywele zao ni kipilipili kama zangu. Hawakuhitaji kitana cha moto; msokoto na udongo huzipa nywele uzito wa kuning'inia. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba shungi si lako kwa sababu ya nywele ulizozaliwa nazo. Msusi mwema atakusokotea nyuzi nyembamba za mbele, ndefu kuliko unavyodhani zinahitajiwa, akazipunguza zikiwa zimekauka, kidogo kidogo.

Lakini kabla ya mkasi, jaribu. Chukua kitambaa cheusi, ukikunje, ukifunge kichwani mpaka ukingo wake ukaribie nyusi, kisha ushinde nacho kutwa ukifanya kazi zako zote. Fagia nacho, teka maji nacho, panda bodaboda nacho. (Neno hilo bodaboda, ujue, lilizaliwa katika mpaka huu wetu, wakati baiskeli zilipovusha abiria kutoka upande mmoja hadi wa pili.) Kama paji lako ni refu, utaona uso umepata kivuli kizuri. Kama ni fupi kama la babu yangu, uso utaonekana umekandamizwa, na hakuna msusi awezaye kuliongeza paji. Jioni utazame ngozi: jasho na mafuta vilivyofunikwa huleta chunusi, na joto la nchi hii ya karibu na ziwa halina huruma.

Mara ya pili sikufanya jaribio lolote, kwa kuwa sikutaka shauri la mtu.

Nyumbani kwetu Sigalame, msuko usiouma ulihesabiwa kuwa haukusukwa. Tangu utoto wangu mistari ilikazwa hata macho yakavutika, na usiku wa kwanza tulilala kifudifudi. Nilikuwa na umri wa miaka 34 nilipoona, katika picha ya harusi ya ndugu yangu, kwamba nywele zangu zimerudi nyuma pembeni mwa paji, kulia na kushoto, ngozi ikang'aa. Waganga wa hospitali wanaujua ugonjwa huu. Nywele zikivutwa kwa miaka mingi, mashina yake huumia; ukiacha kuvuta mapema huota tena, ukichelewa hubaki kovu lisilootesha kitu. Mimi sikuwaza kuacha kuvuta. Niliwaza kuficha. Nilianza kuandika ubaoni nikiwa nimesimama kwa namna ambayo darasa halikuona ubavu wangu wa kushoto. Na huku, msomaji, asubuhi ya kwanza ya muhula ni mimi niliyesimama langoni nikikagua vichwa vya wasichana, mkasi mkononi! Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilimrudishia masomo msichana wa imani ya Rasta aliyefukuzwa kwa ajili ya nywele zake, lakini kwa walio wengi kanuni imebaki ile ile.

Nikasafiri hadi Busia, nikanunua fungu la nywele, nikampelekea msusi wa soko letu, mama mmoja wa makamo ambaye amekisuka kichwa changu tangu nikiwa msichana. Akanifumua mistari ya zamani, akanyamaza kitambo.

"Mwalimu, shungi hili nilishonee wapi?"

"Hapo mbele, mama."

"Hapo mbele hapana kitu cha kushonea. Nikilishika kwenye vinywele hivi vilivyosalia, vitang'oka kabla ya Pasaka. Kisha utarudi kunitaka shungi pana zaidi."

Nilimwambia kwamba nitamlipa bei yake yote. Akajibu kuwa hana ugomvi na fedha yangu, ila amekisuka kichwa hiki kwa nguvu zake mwenyewe, na hatakimaliza kwa mkono ule ule. Kisha akageuka kutafuta chanuo ambalo lilikuwa mapajani mwake. Nikajua kuwa analia, nami nikalia.

Alizikata zote, fupi.

Jumatatu niliingia darasani kichwa changu kikiwa kama vya wanafunzi wangu, na pembe mbili zile zikiwa wazi. Palikuwa kimya. Msichana mmoja wa dawati la mbele akainua mkono, akauliza kwa adabu kama nami nilikaguliwa langoni. Darasa zima likacheka, na mimi pamoja nao.

Huu ni mwezi wa nane. Upande wa kulia nywele zimeanza kuota, laini kama za mtoto mchanga. Wa kushoto bado, na huenda zisiote. Naandika ubaoni kutoka upande wowote. Lile fungu la nywele limo sandukuni. Binamu yangu, mwenye paji refu na nywele tele za kulishika, ameliomba kwa ajili ya harusi yake ya Desemba, na nadhani litampendeza sana.