Jina Lililonipotea

Mkahawa wa samaki wa mtaani kwetu, hapa Boston, huwa na saa ya nusu bei kila jioni. Juzi tuliletewa sinia la barafu, ndimu, na viumbe sita vya baharini ndani ya magamba yao. Binti yangu akauliza, “Mama, hawa kwa Kiswahili wanaitwaje?”

Nilinyamaza. Nimezaliwa Mombasa, nikiwaona wamegandamana kwenye mizizi ya mikoko, jina halikunijia.

Nilingoja kupambazuke Mombasa, nikampigia mama simu.

“Chaza, mwanangu. Umesahau?”

Mashairi yangu yamejaa lulu. Miaka yote hiyo nimemsifu mtoto, nikamsahau mzazi. Washairi wenzangu, nanyi chungueni beti zenu: ni nani mliyemwacha bila jina?