Mkono wa Fundi Cherehani

Maumivu ya mkono yanayoletwa na kazi ya kujirudia huanzia kwenye kano, kamba zinazounga msuli na mfupa. Kano ikivutwa maelfu ya mara kwa siku bila nafasi ya kupoa, huvimba. Ikivimba ndani ya kifundo cha mkono, hubana mshipa wa fahamu unaopita hapo. Kidole gumba, cha shahada na cha kati hufa ganzi, hasa usiku.

Kwa mwandishi wa makala hii, fundi cherehani wa Bukene, stesheni ya reli ya Tabora–Mwanza wilayani Nzega, ganzi ilianza mwezi Januari, msimu wa sare za shule. Vitambaa vilikatwa sakafuni, mgongo umepinda, kwa mkasi butu uliotaka kubanwa kwa nguvu zote. Usiku wa manane fundi aliamka akiukung'uta mkono kama mtu anayekausha maji. Kwa miezi kadhaa aliuchua kwa mafuta ya moto, kisha asubuhi akaushika mkasi uleule. Hapo ndipo alipokosea: alitibu mkono na kuuacha mkasi.

Mkasi mkali hukata kitambaa bila kubanwa sana. Kunoa kukawa kazi ya kila Jumatatu kabla ya kitambaa chochote kuguswa, na kwenye msumari wa mkasi likatiwa tone la mafuta ya cherehani. Meza ya kukatia ikatengenezwa, kimo chake chini kidogo ya kiwiko cha fundi aliyesimama. Desturi ya kukata sketi thelathini mfululizo ikaachwa: zikatwe tano, zishonwe, zipigwe pasi, ndipo zifuate nyingine. Mteja husubiri zaidi, na ni halali asubiri.

Unyamwezini, nchi ya Wanyamwezi ilimo Bukene, busara hii ya kukipumzisha kiungo kabla hakijachoka ni ya zamani. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, waliobeba takriban kilo 30 kati ya Tabora na pwani, walihamisha mzigo bega hili kwenda lile na kuutua kwenye vituo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humbebesha mwajiri wajibu wa kulinda wafanyakazi. Fundi wa barazani hana mwajiri, hivyo ajilinde mwenyewe. Ganzi isiyokwisha aipeleke kituo cha afya mapema, kabla vidole havijapoteza nguvu. Na mwanagenzi wa cherehani afundishwe kunoa mkasi kabla ya kufundishwa kukata.