Ila ya Gari na Ila ya Moyo

Mwenyezi Mungu humfunza mja wake kwa njia nyingi. Mwengine hufunzwa kwa maradhi, mwengine kwa msiba, na mimi, ndugu msomaji, nilifunzwa kwa giaboksi. Nayaeleza haya si kwa kujifakharisha, kwani kisa chenyewe hakinipambi, bali kwa kutaraji kuwa huenda akatokea mmoja atakayepata ibra.

Nilinunua gari ya spoti, ya mtumba kutoka Japani, nyekundu, yenye viti viwili tu. Haja yangu haikuwa usafiri, maana nyumba yetu imo Mji wa Kale wa Mombasa, ambako vichochoro vyengine hata mkokoteni hupita kwa taabu, na gari ikinilazimu niiache mbali. Haja yangu, kwa kweli, ilikuwa watu wageuze shingo. Mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua, siku ya kwanza alipoketi ndani alisema, "Mwanangu, gari gani hii ya kukaliwa kama jamvi?" Nikacheka.

Mwezi wa pili tulikwenda Malindi kumzuru mgonjwa. Njiani kurudi, kila nikitia gia ya tano nilisikia mvumo, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Nikaongeza sauti ya redio nisiusikie. Tulipokwisha vuka daraja la Kilifi, gia ya tatu ikawa yaruka yenyewe. Na kabla hatujafika njia ya Takaungu chuma kililia mlio mmoja mkubwa, na wenzo wa gia ukawa wazunguka ovyo kama mwiko ndani ya uji. Injini yanguruma, gari haiendi. Jua lilikuwa likitua. Mama aliswali Magharibi kwa kuketi, juu ya kanga, kando ya barabara, na malori yakipita. Kisha nikampakia matatu arudi peke yake, nami nikabaki kulinda gari, mpaka usiku nilipopata pikapu ya kunivuta kwa kamba hadi Mombasa.

Kwa asiyejua, giaboksi ni sanduku la chuma lenye magurudumu ya meno yanayoumana, yameshikwa na beringi na kuogeshwa kwa oili. Oili ndiyo inayozuia chuma kisisage chuma, na ndiyo inayopoza moto. Fundi alipofungua bolti ya chini, haikutoka oili safi, ulitoka uji mweusi. Akausugua baina ya vidole, akaunusa, akasema, "Bwana, huu ni unga wa mbao." Ndani yake mlikuwa na chembe za njano zikimeta kama dhahabu, ndizo zile pete za shaba zinazosaidia gia kuingia, zimekwisha sagika. Akatia sumaku, ikatoka imeota ndevu za chuma.

Hiyo ni hila kongwe katika biashara ya magari. Giaboksi ikianza kulia, hutiwa oili nzito iliyochanganywa na unga wa mbao, ikanyamaza kwa muda. Kisha unga ule huziba njia za oili, ukaharibu hata kile kilichokuwa kizima.

Nilighadhibika ghadhabu kubwa. Nilimwendea aliyeniuzia, naye hakukiri wala hakukana. Alisema tu kwamba yeye pia aliinunua ikiwa kimya. Nikarudi nikimlaani njia nzima.

Lakini sikiliza, ndugu yangu, mambo ya nafsi. Giaboksi nyengine ilitakiwa shilingi 140,000, nami sikuwa nazo. Fundi akanisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Bwana, tubadilishe beringi mbili na gia moja, kisha tutie oili nzito na unga kidogo. Itakaa kimya wiki tatu, nne. Wewe iuze upate haki yako." Nikanyamaza. Na kunyamaza kwangu fundi alikufahamu kuwa ni ndiyo, na hakukosea.

Siku ya Jumamosi alikuja kijana, karani wa bandarini. "Shikamuu, ami," akaniamkia kwa adabu. Akaizunguka gari kama mtu aliyekwisha ipenda. Nikampa ufunguo, akaiendesha, akarudi anatabasamu. Kisha akaniuliza, "Ami, giaboksi yake ni nzima?"

Jawabu nilikuwa nayo tayari: "Mwanangu, gari ndiyo hiyo, umejionea mwenyewe, naiuza kama ilivyo." Kila neno lilikuwa kweli, na jumla yake ilikuwa uwongo. Nilipofungua kinywa niseme "mwanangu", nilimkumbuka mama juu ya kanga kando ya barabara. Nikajiuliza: safari hii atakayeketishwa pale ni mama wa nani?

Tunasikia kila siku mimbarini habari ya Mtume wetu (S.A.W.) alipopita sokoni Madina, akatia mkono ndani ya chungu ya chakula, akakuta chini majimaji, naye akamkanya mwenyewe kwa kuuficha urutuba usionekane na watu. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamebainisha kuwa ni wajibu wa muuzaji kuitaja ila aijuayo, na kwamba hata mtu wa kando aliyeijua humpasa amwambie mnunuzi. Na imepokewa kuwa sahaba Jarir bin Abdillah alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Alipomwona alimwambia mwenyewe kuwa farasi wake ana thamani zaidi ya hiyo, akawa ampandishia mpaka akampa 800, kwa sababu alikuwa amemuahidi Mtume kumtakia kheri kila Mwislamu. Yeye alimtajia muuzaji uzuri ambao mwenyewe hakuujua. Mimi nilikuwa nikimficha mnunuzi ubovu ambao niliulipia nitiliwe!

Nikamwambia, "Mwanangu, si nzima. Ndani mna unga wa mbao, nami najua, kwa kuwa nimeutia mimi." Kijana alinitazama kitambo, akaniwekea ufunguo mkononi, akasema, "Ahsante, ami," akaenda zake. Sikupata shukrani nyengine, wala sikustahiki. Gari ilikaa miezi mitatu, na mwisho niliiuza kwa fundi mwengine aliyeitaka kwa spea, akijua yote, kwa nusu ya bei niliyoinunulia.

Tangu siku ile nimekuwa nikimfikiri yule aliyeniuzia. Pengine alisema kweli, naye aliuziwa hivyo hivyo, na aliyemuuzia pia. Hasara ile ilikuwa imepita mikono mingapi, kila mmoja akimrushia mwenzake na kuiita haki yake? Dhulma haimaliziki kwa kumpata mwengine wa kumpa. Humalizika inapomfikia mtu mmoja akakubali kuibeba yeye. Nami karibu nisiwe mtu huyo, na nguo iliyonitenga na haramu ilikuwa kanga ya mama.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe ila zetu kabla hatujaonyeshwa mbele ya watu, na utukinaishe na kidogo cha halali. Amin.