Ada ya Moshi na Vitanga vya Mizani



Tarehe 29 Agosti 2023 sheria ya moshi wa magari, ambayo sote twaijua kwa jina la ULEZ, ilienezwa hadi mitaa yote ya London. Ilianza katikati ya jiji Aprili 2019, ikapanuliwa Oktoba 2021, kisha ikatufikia sisi tukaao pembezoni. Gari lisilofikia kipimo, aghalabu la petroli la kabla ya 2006 au la dizeli la kabla ya Septemba 2015, hulipiwa pauni 12.50 kila siku liendeshwapo. Asiyelipa hutozwa faini ya pauni 180, nayo hupungua hadi nusu akiilipa ndani ya siku 14.

Nilikuwa na gari la dizeli la mwaka 2009, lenye viti saba. Halikuwa la anasa. Jumamosi na Jumapili lilipeleka watoto wa majirani madrasa, na palipotokea msiba lilibeba kinamama na masufuria. Siku mbili kwa wiki ni pauni 25. Kwa wiki 52 ni pauni 1,300. Usiku mmoja tulikwenda kumwosha na kumkafini marehemu, tukarejea baada ya saa sita. Kwa kuwa siku ya ada huanza na kuisha saa sita za usiku, safari ile moja ikahesabiwa siku mbili. Nikaona kwamba hii ni kodi juu ya wema, tena humwangukia mwenye gari kuukuu, ilhali mwenye gari jipya hupita bure.

Nikayasema hayo kwa ukali katika mkutano wa wazazi baada ya sala ya Isha. Mama mmoja akanijibu kwa adabu: "Mwalimu, sisi hatuna gari. Mwanangu ana pumu. Mwezi uliopita nimekosa kazi siku nne kwa kukaa naye hospitali. Siku hizo nne, nani hunilipa?"

Nilinyamaza. Maisha yangu yote nimefundisha kwamba mizani ina vitanga viwili, nami nilikuwa nimepima kwa kimoja.

Ada huja na risiti, ndiyo maana huonekana. Madhara ya moshi hayana risiti, lakini yana wanaoyalipa. Ella Adoo-Kissi-Debrah, binti wa Lewisham aliyekaa karibu na barabara kuu, alifariki kwa pumu Februari 2013 akiwa na umri wa miaka tisa. Desemba 2020 mahakama ya uchunguzi wa vifo iliamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake. Hesabu ipi itaweka pauni 12.50 upande mmoja na mtoto huyo upande wa pili?

Hata hivyo, sina budi kuuliza: gharama ya kusafisha hewa aibebe nani? Moshi wa makaa ulipoua watu wapatao 4,000 hapa London Desemba 1952, kwa makadirio ya wakati ule, ilipitishwa sheria ya hewa safi ya mwaka 1956. Katika maeneo yaliyokatazwa moshi, sheria ile ilimrudishia mwenye nyumba sehemu saba kati ya kumi za gharama ya kubadili meko yake. Safari hii msaada wa kuvunja gari, hadi pauni 2,000, ulianza kwa wapokeao ruzuku fulani tu. Ulifunguliwa kwa wakazi wote mwezi ule ule sheria ilipotufikia, ukafungwa Septemba 2024. Lengo ni la haki. Mgawanyo wa mzigo ndio wenye kasoro.

Gari langu limevunjwa. Kwa fedha zile nilipata la petroli, la zamani lakini linalokubalika, lenye viti vitano. Watoto wawili hawaenei tena. Dini yetu imetukataza kudhuru wenzetu, nami sidai kurudishiwa moshi wangu. Ninaloomba ni kwamba jumuiya yetu ichangie gari moja kubwa linalofikia kipimo, kwa madrasa na kwa misiba, ili mzigo wa hewa safi usimwelemee mtu mmoja. Mimi nitatoa mchango wa kwanza katika mkutano ujao, inshallah.

Wabillahi tawfiq.