Mabua ya Mpunga Huko Mwea

Atokaye Nairobi kwa barabara ya Thika, akifika Makutano, huiacha njia ya Nyeri na kushika ile ya Embu. Haupiti muda mrefu nchi huwa tambarare, majaruba ya mpunga yakatandaa pande zote mbili, na siku ya anga safi Mlima Kenya huonekana kaskazini. Hapo ndipo Mwea. Maji yake hutoka katika mito ya Thiba na Nyamindi. Mashamba hayo yalianzishwa miaka ya 1950, siku za Hali ya Hatari, kwa jasho la watu waliowekwa kizuizini.

Nilifika Desemba, mavuno yakiendelea, nikatazamia kuona moshi. Kwetu mashariki ya Uganda, katika majaruba ya Doho yanyweshwayo na mto Manafwa, ndugu yangu huvuna, hupura, kisha hutia kiberiti. Hata mimi nimewahi kumshikia kiberiti hicho. Mwaka mmoja tuliteketeza mabua yote kwa siku moja, na kabla kiangazi hakijakwisha ng'ombe wa mama akaanguka kwa njaa. Ndiye aliyekuwa akiwapa watoto maziwa.

Mwea sikusema kwamba hakuna achomaye, wapo. Lakini nilichokiona zaidi ni marobota. Penye uwezo hufungwa kwa mashine. Pengine hushindiliwa kwa miguu ndani ya sanduku la mbao na kufungwa kamba. Mikokoteni ya punda huyafikisha barabarani, na malori huyapeleka kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mama mmoja mwenye sanduku kama hilo aliniambia, "Mchele hulipa madeni, kijana wangu, mabua hununua madaftari."

Jambo la kufikiri ni hili: kila tani ya mpunga huacha shambani karibu tani moja ya mabua, au zaidi. Yakichomwa, naitrojeni iliyomo hupotea karibu yote hewani, na mkulima hurudi dukani kununua mbolea ileile aliyoifanya moshi. Moshi huo nao huingia vifuani mwa watoto. Nchini India, mabua ya Punjab na Haryana yachomwayo Oktoba na Novemba huzidisha uchafu wa hewa ya Delhi, mamia ya kilomita mbali.

Hata hivyo, kuuza yote si busara. Sehemu kubwa ya potasi ambayo mpunga hunyonya ardhini hubaki katika mabua. Anayeyauza kila mwaka bila kurudisha kitu huuza na ardhi yake kidogo kidogo. Yanayobaki yalimiwe ndani mapema, udongo ungali mkavu, kwani yakiozea chini ya maji hutoa gesi ya methani, ambayo huzidisha joto la dunia.

Wenye ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba, hata kambini, wajue kwamba mabua matupu ni chakula hafifu. Huko hutiwa nguvu kwa yurea: kilo 4 katika maji lita 50 hivi, hunyunyizwa juu ya kilo 100 za mabua makavu, hushindiliwa na kufunikwa kwa plastiki pasipite hewa, wiki 3. Kisha huanikwa upepo upite kabla ya kulisha. Kipimo kisizidishwe, ndama wadogo wasipewe, na ndoo ya yurea isiachwe mahali ng'ombe aweza kunywa, kwa maana ni sumu.

Jioni nilimpigia ndugu yangu simu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza ni nani atakayeyabeba mabua yote hayo hadi nyumbani, maana mashine hatuna. Swali hilo lilikuwa la haki. Asubuhi nilirudi kwa yule mama, nikalipima sanduku lake kwa shubiri, urefu, upana na kina, nikaandika vipimo nyuma ya tikiti ya basi.