Tumbaku Mbichi

Sijawahi kuvuta sigara. Watu hawaniamini nikisema hivyo, halafu nikaongeza kwamba nimezaliwa Urambo na nimesomeshwa kwa tumbaku kuanzia darasa la kwanza mpaka chuo kikuu. Lakini nyumba nyingi za kwetu ziko hivyo. Tumbaku tunailima, tunaikausha, tunaifunga mitumba, inaondoka. Nyumbani aliyevuta ni bibi peke yake, na kiko chake cha udongo alikijaza tumbaku aliyoipanda mwenyewe nyuma ya jiko. Ile tuliyopeleka sokoni hakuigusa. Aliiita ya Wazungu.

Kwa hiyo Jumamosi moja ya Oktoba mwaka jana, nilipokaa kwenye kibaraza cha mtu mjini Baton Rouge, Louisiana, na kiko cha kuazima mkononi, sikujua hata pa kuanzia.

Mwenyeji wangu ni fundi wa maabara yetu, mzee anayekaribia kustaafu. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya udongo, na yeye ndiye anayeendesha gari tunapokwenda kuchukua sampuli kwenye mashamba ya miwa kando ya mto Mississippi. Hapa chuoni watu huitana majina tu, hata mwenye mvi. Hilo limenishinda. Namwita Mista na jina lake la kwanza, kama wafanyavyo watu wa kusini, naye ameridhika.

Amezaliwa St. James, chini kidogo ya Baton Rouge ukifuata mto. Siku moja tukipita huko alipunguza mwendo akanionyesha shamba dogo lililobanwa na miwa pande zote. "Unajua ile ni nini?" Nilijua kabla hajamaliza kuuliza. Jani la tumbaku nalitambua hata gari likiwa kwenye mwendo.

Alishangaa, kisha akafurahi kama mtu aliyekutana na ndugu. Akaniambia ile si tumbaku ya kawaida, ni perique, na kwao ndiko inakotoka. Inasimuliwa kwamba Wachoctaw na Wachickasaw walikuwa wakishindilia majani yao kwenye magogo yenye uwazi, na kwamba mkulima mmoja, Pierre Chenet, aliyeitwa Perique kwa utani, ndiye aliyeifanya biashara mwaka 1824. Mpaka leo kazi ni ile ile. Mmea hukatwa mzima, hutundikwa kwenye banda ukauke kwa hewa bila moto, kisha majani hulainishwa kwa maji, hutolewa uti wa kati, husokotwa vifurushi na kujazwa kwenye mapipa yaliyowahi kuhifadhi wiski. Halafu hugandamizwa kwa jeki. Utomvu unapanda, majani yanazama ndani yake, na yanakaa humo mwaka mzima au zaidi. Kila baada ya miezi kadhaa pipa hufunguliwa, majani hugeuzwa yapate hewa, jeki inakazwa tena. Miaka ya 1990 kazi hiyo ilikaribia kufa kabisa, wakulima walibaki wa kuhesabu kwa vidole. Mzee alilisema hili huku akitazama barabara, nami nikakumbuka jinsi baba alivyozoea kuzungumzia bei.

"Njoo Jumamosi," akasema. "Haiwezekani mtoto wa tumbaku afe bila kuijua tumbaku."

Kopo lilikuwa dogo, bapa, la mviringo. Alitia sarafu pembeni, akaizungusha, likapumua *fss* na kifuniko kikaachia. Ndani mlikuwa na vipande vya duara vilivyokatwa kutoka kwenye kamba nene ya tumbaku, kila kimoja kahawia pembeni na cheusi katikati. Ule weusi, akasema, ndio perique. Iliyobaki ni Virginia.

Niliinamia kopo nikanusa, na sikuwa tayari. Virginia ndiyo tumbaku yetu ya mvuke. Ile harufu ilikuwa ya bani siku ya sita, pale mlango unapofunguliwa kidogo kuangalia kama uti wa jani umekauka: nyasi kavu, asali, kitu kama mkate unaokaribia kuungua. Nimelala nje ya bani miaka yote ya shule ya msingi, tukipokezana kuchochea moto usiku. Siku za mwanzo joto huwa la wastani, jani linageuka manjano na wanga wake kugeuka sukari, kisha joto linapandishwa taratibu mpaka kila kitu kinakauka. Ukisinzia kuni zikafifia, jani linaharibika na mwaka wa familia nao. Moshi wa kuni haugusi tumbaku, unapita ndani ya bomba na kutokea juu. Unaogusa kuni na moshi ni wewe.

Juu ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine nisiyoijua. Zabibu kavu, siki, ngozi ya kiatu, pipa lenyewe.

Mzee alinifundisha. Kipande unakifikicha kwenye kiganja mpaka kilegee. Ujazo wa kwanza wa kiko unauweka kwa mkono wa mtoto, wa pili wa mama, wa tatu wa baba, yaani nguvu inaongezeka unavyopanda juu. Unawasha, unashindilia kidogo, unawasha tena. Moshi haushuki kifuani. Unabaki mdomoni, unaonja, unautoa.

Sitasema uongo, ilikuwa tamu. Kwanza utamu wa nyasi na ndimu. Ukivuta haraka Virginia inauma ulimi, kwa sababu ya ile sukari, ukipunguza pumzi inatulia. Kisha, karibu na katikati ya kiko, perique ikajitokeza, nami nikafikiria ukwaju uliochemshwa na pilipili manga. Mzee aliniambia nitoe moshi kidogo kupitia puani. Nikatoa, macho yakajaa machozi, na nyuma ya ule ukali kukaja kitu cha kifenesi kilichoiva kupita kiasi. Kila dakika chache ladha inahama. Nilikaa pale nikiwaza kwamba miaka yote ile baba yangu alikuwa akisimama mbele ya mteuzi wa madaraja akiomba jani lake lisishushwe, wala hakuna aliyewahi kumwambia lina ladha gani.

Nadhani ni wazo hilo lililonifanya niombe kiko cha pili. Mzee alisema hii si ya wanaoanza. Nikamwambia mimi sianzi, nimezaliwa humo. Ujinga mtupu.

Ilianza kwa mate. Mdomo ukajaa mate mepesi ya maji, nikimeza yanarudi. Kisha jasho la baridi nyuma ya shingo. Kisha kibaraza kikaanza kuzunguka taratibu kuelekea kushoto, tumbo likapanda. Sikuwa nimevuta moshi kifuani hata mara moja, lakini nikotini haihitaji mapafu, ngozi ya mdomo inatosha. Niliwahi kufika kwenye majani nikatapika. Mzee alileta soda ya baridi na kunisisitiza ninywe, sukari inasaidia. Hakucheka. Nilikaa chini nimeegemea nguzo, mikono ikitetemeka, na kitu kimoja tu kikiwa wazi kichwani: hali hii naijua.

Sikuwahi kuwa nayo. Niliwahi kuiona.

Kwetu tumbaku huchumwa kuanzia Januari, mvua zikiwa zimekolea. Mnaingia shambani alfajiri, majani yanatiririka umande, mnachuma yale ya chini yaliyoiva na kuyabeba kwapani. Baada ya nusu saa shati limelowa mpaka mgongoni. Mikono inashika gundi nyeusi isiyotoka kwa sabuni, inabidi usugue na mchanga. Mdogo wangu alikuwa na miaka tisa, mimi kumi na tatu. Kila siku ya kuchuma, ikifika saa tatu hivi, alikuwa akitema mate ovyo, anakaa kwenye tuta, anasema dunia inazunguka. Akitapika, mama alisema ni malaria. Alipelekwa zahanati, akapimwa, hakuonekana na kitu. Siku za kufunga majani kwenye fito, au siku zisizo na kazi, alikuwa mzima anacheza.

Mimi ndiye niliyeunganisha mambo. Nilikuwa na akili za shule. Nikamwambia baba: anaumwa siku za kuchuma tu, anajifanya. Baba alichomoa fito kwenye rundo la bani. Nilisimama pale nikitazama, na nakumbuka vizuri kwamba niliona haki imetendeka.

Usiku ule sikulala, nikasoma. Ugonjwa wenyewe unajulikana, madaktari wa Florida waliuandika tangu 1970. Nikotini iliyo kwenye jani bichi inayeyuka kwenye umande au mvua na kupita kwenye ngozi. Kizunguzungu, mate, kutapika, kichwa kuuma, kisha siku inayofuata mtu ni mzima. Wavutaji hawaumwi sana, miili yao imezoea. Wanaoumia zaidi ni wasiovuta na watoto, maana mwili mdogo.

Ilipofika saa nne usiku, ambayo Urambo ni saa kumi na mbili asubuhi, nilimpigia. Yeye ndiye aliyebaki na shamba. Alikuwa akimwagilia vitalu, nilisikia maji kwenye debe.

Nilimweleza kila kitu, kiko, kopo, kibaraza. Aliuliza kopo ni bei gani. Nikamwambia dola 15, gramu 50. Kimya kidogo, akipiga hesabu. Kilo nzima ya msimu uliopita haikumpa dola tatu.

"Kwa hiyo kaka, huko watu wanalipia kuumwa?"

Tukacheka. Kisha nikaanza kumwambia habari za glavu, koti la mvua, kusubiri umande ukauke, na kwamba mwanawe, aliye darasa la tatu, asiingizwe kwenye kuchuma kabisa.

"Umande wa Januari unakauka saa ngapi, kaka? Mvua ikinyesha siku tatu, jani litanisubiri?"

Sikuwa na jibu. Nikasema nitatuma hela ya vibarua wawili. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu aliyewahi kusikia ahadi.

"Ile siku ya fito," nikasema.

"Ipi?"

Alijua ipi. Nilimwambia nimegundua kwamba hakuwa anajifanya.

Debe liliwekwa chini. "Mimi nilikuwa najua," akasema. "Niliwaambia wote." Halafu akasema nimwache amalizie vitalu, jua limeshatoka.